Maji Niliyomnyima Yohana

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mdomo kama huu wangu, maana leo nimesimama kuushtaki.

Wengi mnanijua, Mama Yohana wa Temeke, mke wa fundi wa reli. Nilipofika hapa kutoka bara nilikuwa na ulimi mkali, na nikijivunia ulimi huo. Jirani yangu Mama Zuhura, mwenyeji wa pwani, aliuguliwa na mwanawe mchanga, Saidi. Nikasema kisimani, mbele ya wanawake, kwamba kambemenda; kwamba ameshindwa kujizuia na mwanamume ilhali ananyonyesha, ndiyo maana mtoto anaharisha. Walicheka, nami nikacheka. Saidi alizikwa wiki ile ile. Mazishini sikwenda.

Haikupita miezi mingi, Baba Yohana akapelekwa Dodoma kutengeneza njia ya reli. Akiwa huko kwa mwezi wa pili, Yohana wangu, wa miezi minane, akaanza kuharisha. Maji matupu! Ndugu zangu, nitasema kweli: hofu yangu ya kwanza haikuwa ya mtoto. Niliwaza watakavyosema kisimani. Mume yuko Dodoma, huyu kabemenda na nani? Nikatia komeo mlangoni, nepi nikazianika chumbani.

Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilimnyima maji, na ziwa nikampunguzia, nikisema akikauka tumbo litafunga. Alilia akiutazama mtungi. Nami nilipiga magoti nikaomba, mtungi nimeupa mgongo.

Siku ya pili, jua la mchana, akaacha kulia. Nilishukuru! Nilidhani amepona. Nilipomgeuza, macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, utosi umebonyea. Nilifinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Zuhura. Sikufungua. Akasema polepole kwamba tangu jana hajaona nepi uani, na sasa mtoto naye hamsikii, na kwamba pale haondoki. Nikafungua.

Alimpakata Yohana, akauliza amekunywa nini. Nikajibu sijampa kitu, ili akauke. Akaketi naye mkekani, akasema:

"Mama Yohana, mie nami nilifanya hivyo hivyo. Nilimfungia Saidi ndani kwa kuogopa mdomo wako, na maji nikamnyima. Dresa, yule mganga wa dispensari, akaniambia nimechelewa, kilichomuua ni kukaukiwa. Lete kijiko."

Ndugu zangu, ningeweza kufa pale pale kwa aibu, lakini nafasi ya kufa sikuwa nayo. Tulichemsha maji, tukapika uji wa mchele mwepesi mno, chumvi kidogo tu, tukaupoza. Kijiko, tunangoja, kijiko. Akitapika tunapumzika, tunaanza tena, na katikati namnyonyesha. Mikono yangu ilimwaga uji. Yake haikumwaga hata tone.

Alasiri Yohana akakojoa mapajani mwa Mama Zuhura. Sikujua kama mtu anaweza kulia kwa furaha ya mkojo! Tukambeba hadi dispensari, zamu kwa zamu. Dresa alisema tuendelee vivyo hivyo, na tangu siku hiyo tuchemshe maji ya kunywa, kwa kuwa kisima chetu kiko karibu mno na vyoo.

Namshukuru Mungu, aliyeniletea uzima kwa mikono ya mtu niliyemuumiza. Mtumainini, wapendwa, lakini msimtumaini huku mmefunga milango. Mtoto akiharisha mpeni cha kunywa, mnyonyesheni, na akilegea mkimbizeni kwa dresa. Na anayeuguliwa asichekwe na mtu.

Mama Zuhura si wa dini yetu, ila leo amekubali kuja, amekaa benchi la nyuma. Dada yangu, niliyasema kisimani mbele ya watu, nayafuta mbele ya watu. Hukumbemenda Saidi. Alikuwa na kiu tu, na mimi ndiye niliyekufungia mlango.