Pacha Aliyebaki Peke Yake: Risala ya Watumishi wa Kituo cha Afya Lihanje, Songea

Mgeni rasmi, shikamoo. Viongozi wa dini, wazee wetu na wananchi wote mliofika: Tumsifu Yesu Kristo, Asalaam aleykum.

KARIBU

Karibu Lihanje, karibu utuzindulie jengo la mapokezi. Ngoma umeiona na vigelegele umevisikia. Usidanganyike, mheshimiwa. Sisi tuliosimama mbele yako tunaogopa, na risala hii ni ya hofu hiyo.

TULIKOTOKA

Kompyuta ya kumbukumbu za wagonjwa tuliipokea kwa shangwe. Aliyekabidhiwa ni Mama Notburga wa mapokezi, mwanamke anayefuta kiti ulichokalia kabla hujafika mlangoni. Vumbi letu jekundu la kiangazi unalijua. Basi mama huyo akaifumia kompyuta kitambaa cheupe chenye maua, kama anavyoifunika redio yake nyumbani, akaivisha mashine yote, mbele na nyuma. Sote tulimsifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mashine nayo inahitaji kupumua.

Fundi wetu Pankrasi, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, alikuwa ametuachia diski ya pili yenye kila kitu kilichokuwa katika ile ya kwanza, iliyomo ndani ya kompyuta. Tukaiita pacha. Notburga akaifunga kwenye kitambaa kingine, akaitia kabatini.

MAFANIKIO

Tunalo moja, na linatutisha hadi leo. Mchana mmoja wa jua kali kompyuta ilizimika, ikatoa harufu ya kuungua. Hatujakaa sawa, Bakili wa Ruhuwiko akaingia amembeba mkewe Mwamvua, mjamzito, hajitambui, mwili unachemka kwa homa.

"Kuna sindano ilitaka kumuua uzazi uliopita," Bakili alisema. "Jina silijui mie. Mliandika humo."

Kadi ya Mwamvua ilikuwa imebaki shambani Namtumbo. Daktari alishika bomba la sindano, akaliweka chini, akalishika tena. Notburga alivuta kile kitambaa, kimoto kama kimetoka kupigwa pasi. Alijua ameiua mashine kwa mkono wake, na sasa aliogopa kwamba anaua na mtu.

Pankrasi alifika anahema. Akafungua mashine, akakuta ile diski ya kwanza imeungua, akatikisa kichwa.

"Mama, mngekuwa na diski mpya ningenakili kutoka kwa pacha, pacha akarudi kabatini. Sasa hamna. Itabidi nimwingize mwenyewe."

"Na huyu naye akiungua, mwanangu?"

"Akiungua huyu, mama, hakuna mwingine."

Notburga alimtazama Mwamvua pale kitandani. "Mwingize," akasema.

Kioo kikawaka. Likatokea jina la Mwamvua, na chini yake jina la dawa. Ndiyo ile iliyokuwa tayari ndani ya bomba. Daktari akabadilisha. Mheshimiwa, mtoto unayemsikia akilia huko nyuma ni wa Mwamvua, utusamehe kwa kelele.

CHANGAMOTO

Tangu siku hiyo pacha ndiye anayefanya kazi, na kabatini hamna kitu. Wagonjwa wetu wote, wa Ruhuwiko, wa Mshangano na wa mashambani, pamoja na dawa zinazowadhuru, wako juu ya diski moja. Vitambaa tumeviondoa vyote, hata vya kwenye viti. Umeme ukicheza tu, tunakimbilia swichi kuizima kompyuta. Wengine wanatucheka, lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

MAOMBI

Tulishauriwa tuombe gari na uzio. Tumevifuta. Tunaomba diski moja, inayoingia kwenye mfuko wa shati lako, ili Pankrasi ampatie pacha mwenzake. Tunakuomba usituambie mwakani, mheshimiwa. Msimu wa mvua na radi umeshafika.

Utakapoita watumishi uwashike mkono, utaona mmoja amepungua. Yale mawingu yaliyotanda juu ya milima ya Matogoro, Notburga aliyaona kabla yetu sote. Yuko ndani, mkono uko kwenye swichi, anasikilizia radi. Tunakuomba usimwite. Sisi wenyewe tumemwita, amekataa.

Mungu akubariki, akufikishe nyumbani kabla haijaanza kunyesha.

Ni sisi watumishi wa Kituo cha Afya Lihanje, sote tulio hapa, na Notburga aliye ndani.