Nusu ya Bolti Isiyosafishwa

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, Mama Kutu anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya vyuma kwa miaka thelathini na mmoja. Jina hilo tulimpa sisi, naye akalipokea bila kinyongo. Majina aliyotupa yeye hayachapishiki.

Alianza kwa kung'arisha sampuli, anaondoka akiwa mkuu wa uchunguzi. Amechunguza mabomba, matangi, minyororo, na lango la jirani yake, bila kuombwa.

Kanuni yake ni moja: chuma kilichovunjika kisipanguswe. Naijua vizuri, maana niliivunja mwezi wangu wa kwanza kazini.

Bolti ya winchi ilikatika kiwandani, mzigo ukaanguka. Hakuumia mtu, ila fundi aliyeikaza asubuhi hiyo alisimamishwa kazi, akidaiwa kuikaza kupita kiasi. Nusu ya bolti ililetwa kwetu ikiwa chafu. Kwa kutaka sifa, niliisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa hadi ikang'aa kama kijiko cha wageni. Mama Kutu aliitazama, akanitazama, kisha akauliza kwa upole kama huwa nawafutia wezi alama za vidole pia.

Nusu ya pili ilikuwa bado imekwama juu kwenye boriti. Akiwa na miaka hamsini na goti bovu, alipanda ngazi mwenyewe. Mimi niliruhusiwa kushika ngazi, kwa mikono miwili, aione yote.

Aliishusha ndani ya kitambaa kikavu. Robo tatu ya mkato ilikuwa nyeusi kwa kutu ya siku nyingi. Robo tu ndiyo iliyokuwa mpya. Ufa ulikuwepo miezi mingi kabla ya asubuhi ile, na maji ya paa bovu yalikuwa yakiudondokea. Fundi alirudi kazini Jumatatu. Paa likazibwa.

Brashi yangu ingali kabatini, chini ya kufuli, na kibandiko chenye mwandiko wake: "Usiguse. Hasa wewe."

Siku ya hafla, fundi yule atamkabidhi nusu ile ya bolti ndani ya kisanduku cha kioo. Nilipendekeza tuipanguse vumbi kidogo. Kamati nzima ilinikatalia, na kisanduku kimehamishiwa ofisi nyingine.

Asante, Mama Kutu. Upumzike vyema, goti lipone, na jirani alipake lango lake rangi.