Debe la Mlangoni: Risala ya Wakazi wa Laini ya Barabara, Mbeya, kwa Bwana Afya Mpya wa Mji, 1957

Mgeni rasmi, Bwana Afya wa Mji; msimamizi wetu Mzee Ezekia; akina mama wa laini hii; na ninyi wenzetu mliopanda lori la kokoto kutoka Iringa na Ruaha Mbuyuni ili muione siku hii kwa macho yenu.

UKARIBISHO

Karibu. Leo tunalisema neno hilo kwa furaha, maana tumezoea kutembelewa na ofisi yako kwa namna nyingine. Bwana Afya wa zamani alikuja bila kubisha, akafunua vyungu, akanusa, akaondoka. Wewe ulimtuma mtu kwanza, ukauliza siku gani inatufaa. Tangu laini hii ya nyumba za vibarua wa barabara ijengwe hakuna aliyetuuliza jambo hilo. Akina mama walipopata habari walifagia mpaka upande wa nyuma wa nyumba, ambako sisi wenyewe hatuendi.

Umekuja Jumamosi. Lori la taka, kwa tangazo lililobandikwa hapo bombani, litakuja Jumatatu kuchukua madebe yetu yote ya mboga na kuyatupa korongoni. Kati yako na lori hilo iko Jumapili moja tu. Kwa hiyo utatuwia radhi tukizungumza bila kuzunguka.

Sisi ni watu wa barabara. Tunavunja mawe, tunaziba mashimo, tunachimbua mitaro, kutoka hapa Mbeya kupita Iringa hadi Ruaha Mbuyuni. Magari yenu yakipita vizuri, ni mikono yetu. Tuko Wanyakyusa, Wasafwa, Wahehe, Wabena, na ndugu zetu Waislamu wa mjini. Tumeulizwa, kwa sauti ya chini, kama sisi ni chama. Hatuna kadi na hatuna bendera. Tuna madebe.

HISTORIA YETU

Mgeni rasmi, wewe ni mpya, na waliokutangulia hawakukuachia kumbukumbu hizi. Sisi tunazo.

Tulipoingizwa hapa baada ya vita, tulipanda mahindi nyuma ya nyumba. Ardhi ya huku unaijua, nyeusi, ukidondosha mbegu kwa bahati mbaya inaota. Mahindi yale yalifyekwa yakiwa na maziwa, wiki ile ambayo watoto walikuwa wameanza kuyaangalia kwa mate. Tuliambiwa yanaficha mbu. Tukatii. Tukapanda mnavu na maboga, vitu vya chini visivyoficha hata paka. Hivyo navyo vikang'olewa. Safari hiyo sababu haikuwa mbu, sababu ilikuwa kwamba udongo ni wa mji. Aliyeng'oa tunamjua kwa jina, na aliyepeleka maboga nyumbani kwake tunamjua pia. Hatumtaji, kwa sababu leo ni siku ya furaha.

Basi tukakaa. Wake wa wakulima, waliozaliwa katikati ya migomba na maharage, wakawa wananunua mchicha sokoni, umenyauka kama kitambaa.

Ndipo Muhidini, dereva wa lori, akahamishiwa hapa kutoka Iringa. Mkewe ni Bi Mwantumu, yule pale mwenye kanga ya manjano. Alishuka kwenye lori, akakataa kusaidiwa mizigo, akateremsha kwa mikono yake debe la mafuta ya taa lililojaa udongo, na ndani yake mchaichai. Laini nzima ilicheka. Damari, mke wa Tadeo mvunja mawe, alimwuliza mbele ya watu:

"Dada, umesikia Mbeya hatuna udongo, ndiyo ukatuletea?"

Bi Mwantumu akajibu, "Udongo mnao, mwenzangu. Ruhusa ndiyo hamna."

Akaeleza kwamba amehamishwa mara tatu nyuma ya mumewe, na mara zote ameacha bustani ikiwa ndiyo kwanza inaanza kumpa. Akasema, "Safari hii nimewaambia, wakinihamisha, wanihamishe na udongo wangu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Mwanzo ulikuwa mbaya, na tangazo la bombani limetoka huko. Watu wa milimani hawatoboi debe zima. Debe ni la kuchotea maji na kupimia mahindi. Bi Mwantumu alisema litobolewe chini, Damari akasema, "Nitoboe debe zima mimi? Nina wazimu?" Akajaza udongo, akaushindilia vizuri kama anasakafia nyumba, akapanda vitunguu, na wengi wakamfuata. Mvua za Machi ziliposhuka, maji yakasimama, vitunguu vikaoza, na watoto wa mbu wakacheza humo. Bwana Afya wa zamani aliwakuta. Alichokiona kilikuwa kweli.

Lakini aliona msimu ule mmoja, akaufanya kuwa wa milele. Hakurudi kuona kwamba Damari ndiye aliyekuwa wa kwanza kupasha msumari moto na kuyatoboa yote, akisonya kila tundu.

TULIYOYAPATA

Leo hakuna mlango usio na debe. Tunaweka kokoto chini, kokoto ndiyo kazi yetu hatuzikosi, kisha udongo mweusi uliochanganywa na samadi kutoka kwa wafugaji wa Uyole na majivu ya jikoni. Debe linakaa juu ya mawe ili maji yapite. Asiye na debe ana karai bovu, ana tairi, ana sufuria iliyotoboka yenyewe. Mzee Jailos, mlinzi wa karakana, ana kotimiri ndani ya buti lake la vitani. Anasema buti hilo limeona mengi, sasa lipumzike na kitu chenye harufu nzuri.

Tunapata mchicha, spinachi, vitunguu vya majani, pilipili, figili, mnanaa, nyanya zilizofungwa kwenye vijiti. Mtoto akikohoa tunachemsha mchaichai. Mwezi wa Juni, usiku ule wa baridi unaoacha barafu juu ya majani, tunayaingiza madebe ndani yakalala karibu na jiko. Mashamba ya huko nje yanaungua kwa baridi, ya kwetu yanaamka. Asubuhi ukipita utaona wanawake wakitoa mboga kwanza, watoto baadaye.

Na iko desturi, mgeni rasmi, ambayo hatukuagizwa na mtu. Sisi ni watu wa kuhamishwa. Leo Mbeya, mwezi ujao Iringa, kisha chini Ruaha Mbuyuni kwenye joto. Anayehamishwa hubeba debe moja, na huacha jingine mlangoni kwa ajili ya atakayekuja, hata kama hamjui, hata kama ni wa kabila asiloelewana nalo. Anayelipokea naye ataacha. Nyanya unazoziona pale zilipanda lori kutoka Ruaha Mbuyuni. Mnanaa wetu uko Iringa unawashinda kwa wingi, na wenzetu wa kule wanatuletea habari zake kama za binti aliyeolewa.

Mwenzetu Kasian alipohamishiwa hapa, alifika jioni ya mvua, mkewe mgonjwa, godoro limelowa. Walifungua nyumba wasiyoijua katika mji wasioujua. Mlangoni palikuwa na debe la mchicha, limemwagiwa maji asubuhi ile na jirani. Mkewe alisimama akalitazama, akasema, "Kumbe tulikuwa tunangojewa."

Maneno hayo yanajulikana kambi zote za barabara hii.

SHIDA ZETU

Shida ni moja. Bomba ni moja kwa laini nzima, tumezoea. Mbuzi wa jirani, tunapigana nao wenyewe. Shida yetu ni lori la Jumatatu.

Mahindi mlituambia yanaficha mbu. Mnavu mkatuambia udongo ni wa mji. Sasa udongo tumeubeba kwa vichwa vyetu, tumeuweka ndani ya mabati yetu wenyewe, hata haugusi chini. Lililobaki ni lipi? Tunauliza kwa heshima, na hatuulizi kwa woga. Tunaona huko vibarazani kwenye nyumba za wakubwa kuna vyungu vya maua vimepangwa, navyo vinamwagiwa maji kila siku, wala hatujasikia lori likitumwa huko. Mbu akitoka katika mji huu kutafuta pa kuzalia, hatudhani anamwuliza mtu mshahara wake.

MAOMBI

Hatuombi fedha, wala mbegu, wala majembe.

Tunaomba leo, kabla hujaondoka, uinue debe lolote utakalolichagua wewe. Usichague yale ya mbele tuliyoyapanga kwa ajili yako, chagua la nyuma. Liinue, tazama chini yake, tia mkono wako kwenye udongo. Ukikuta maji yamesimama, mwenye debe hilo atalipeleka korongoni mwenyewe, na laini nzima itamsindikiza. Usipoyakuta, tunaomba tangazo la bombani libanduliwe leo, kwa mkono uleule ulioutia udongoni.

Ombi la pili si ombi. Ni haki yako ambayo imechelewa.

Wewe pia umehamishwa. Umefika mwezi uliopita katika nyumba usiyoijua. Wiki ileile Bi Mwantumu na Damari walijitwika debe lako mpaka getini kwako, likiwa na mchicha upande mmoja na mchaichai upande wa pili. Mtumishi wako aliwaambia, "Bwana hali majani. Rudini nayo." Walirudi nalo kichwani, na njia nzima Damari alikuwa anamwambia mwenzake, "Twende polepole, majani ya Bwana yasishtuke." Tunajua hukuambiwa. Debe lako tumelitunza. Mchicha ulikua tukaukata mara moja, tukaula kwa niaba yako, nao umechipua tena, kwa hiyo hujapungukiwa.

Leo wanawake hao wawili watakusindikiza nalo hadi kwako na kuliweka mlangoni, juu ya mawe. Litazame msimu mzima. Likizaa mbu, uje utushtaki. Lisipozaa, ule. Na siku nawe utakapohamishwa, maana utahamishwa, uliache hapohapo kwa atakayekufuata, umweleze lilivyofika.

HITIMISHO

Mungu, ambaye wengine wetu tunamwomba kwa kusujudu na wengine kwa kuimba, akupe afya katika kazi yako ya afya, amlinde mama watoto wako, na mvua za mwaka huu ziwe za kiasi.

Nyumba yako, mgeni rasmi, ilikuwa na mlango mtupu kwa mwezi mmoja. Usidhani hukuwa unangojewa.

Ni sisi, wakazi wa Laini ya Barabara, Mbeya, pamoja na wenzetu wa kambi za Iringa na Ruaha Mbuyuni.

Imesomwa kwa niaba yao na Asukile, fundi wa mitaro.