Ubiraki: Miaka Thelathini na Minne ya Kuchonga Kinyume

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, mkuu wa karakana yetu ya uchapaji ataitundika aproni yake msumarini kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne ya kuchora, kuchapa na kufundisha katika chuo hiki. Kwenye faili la utumishi ana jina lake kamili. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi mwenyewe akiwa mbali na kipaza sauti, tunamwita Mama Ubiraki. Nimekuwa fundi wa mashine zake kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo nimetakiwa nieleze.

Jina lilizaliwa wiki yake ya kwanza kazini. Aliajiriwa kama mchoraji wa picha za rangi. Uchapaji alikuwa ameusoma juu juu. Chuo kilitaka bango la kupokea wageni wa maonyesho, naye akachonga neno KARIBU kwenye ubao, herufi kubwa, safi, zilizonyooka. Alisahau jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hulijua: unachokichonga kwenye ubao hutoka kwenye karatasi kimegeuka. Muda ulikuwa umekwisha, mabango yakabandikwa hivyo hivyo, na wageni wakapokewa na UBIRAK, huku K, R na B zikitazama upande usio wao. Mwingine angeuchoma moto ubao ule. Yeye aliugongomelea juu ya mlango wa karakana, maana kwenye ubao wenyewe neno linasomeka sawasawa. Upo hapo hadi leo.

Wanafunzi waliongeza i mwishoni ili neno litamkike vizuri. Miaka ikapita, asili yake ikasahaulika, hadi mmoja wao akaandika kwenye mtihani kwamba ubiraki ni tapo la sanaa ya kisasa lililoanza kwa kuukataa uhalisia. Mama alicheka mpaka akavua miwani, kisha akampa alama mbili kati ya tano. Alidai kwamba yule mwanafunzi hakukosea sana.

Na kweli hakukosea sana. Mama mzazi wa Mama Ubiraki alikuwa fundi cherehani, na ukuta wa chumba walicholala ulijaa karatasi za kukatia nguo: mkono, kola, mgongo. Humo ndimo alimojifunzia kuona. Watu katika picha zake ni maumbo bapa, bega moja kubwa, mkono mweusi juu ya njano tupu, nyuso zisizo na macho. Alipomwonyesha mama yake picha aliyomchora, bibi yule aliitazama kwa muda mrefu, akasema mkono wa gauni umekaa vizuri, ila anataka kujua kichwa kitaunganishwa lini. Picha hiyo hajaitoa kwa mtu yeyote, ingawa leo watu hufunga safari kuja kuitazama.

Kufundisha kwake hakukuwa kwa kubembeleza. Alikuwa anapita nyuma yako, anaweka kidole kimoja kwenye mstari ulio dhaifu, anaondoka. Unabaki nao mchana kutwa. Vifutio alikuwa anavikusanya mlangoni, na nina droo nzima iliyojaa hadi sasa, kama kuna anayekidai chake.

Sasa nifike pagumu. Miaka miwili iliyopita alikuwa amemaliza picha tisa kati ya kumi na mbili za “Madirisha”, kazi aliyoiahidi maktaba ya chuo, alipopatwa na kiharusi. Madaktari walisema ni chepesi, lakini mkono wa kulia uligoma. Alirudi baada ya miezi minne, akawa anafundisha kwa maneno, mikono mfukoni. Patasi zake zilikaa tu kwenye kopo. Watu wakaanza kusema, kwa nia njema, kwamba tisa zinatosha. Kwake hazikutosha. Nilikuwa namwona akipita mbele ya zile mbao tatu tupu bila kugeuza shingo.

Nilijitolea kumchongea zilizobaki kwa kufuata michoro yake. Nilidhani natenda wema. Aliniangalia kwa upole, akasema, “Mkono wako unaijua kazi, mwanangu, lakini mimi haunijui.”

Niliumia, nakiri. Ilinichukua wiki nzima kukubali kwamba alisema kweli.

Asubuhi moja nilimkuta kwenye sinki anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, nyuma ya bahasha. Alikuwa amekasirika. Kila alipouacha mkono uende wenyewe, maneno yalitoka kinyume, yakianzia kulia kwenda kushoto. Alinisukumia bahasha nijionee aibu yake. Nikaisimamisha mbele ya kioo kilicho juu ya sinki, na humo jina lake likasomeka, limenyooka, linatetemeka kidogo, kwa mwandiko wake ule ule.

“Kumbe Ubiraki ni huyu,” akasema, akiutazama mkono wa kushoto. “Niletee ubao.”

Mkono wa kulia ulikuwa umefundishwa kugeuza kwa miaka mingi. Wa kushoto haukuhitaji kufundishwa. Asikudanganye mtu kwamba ilikuwa rahisi. Alijikata mara mbili, akaharibu ubao mmoja mzima, akanifokea kwa makosa yasiyo yangu. Mistari yake mipya si ile ya zamani: inasita, inatetemeka, halafu inaamua. Mimi naipenda kuliko ile ya kwanza, na nimemwambia hivyo.

Dirisha la kumi na mbili tulilichapa Alhamisi iliyopita. Mimi nilizungusha gurudumu la mashine, yeye akaifunua karatasi. Picha inaonyesha mlango wa karakana ukiwa wazi, na juu yake ubao wenye neno moja. Safari hii limetoka KARIBU.

Mama, tunakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na meza iliyo karibu na dirisha, maana tunajua hutakaa bure. Patasi zako umezichukua, na ni haki yako. Ubao wa mlangoni tumeubakiza. Siku ukitukumbuka, usisimame nje kupiga hodi. Jibu ulilichonga mwenyewe wiki ile ya kwanza.