Miche Iliyoungua Lanet

Bwana asifiwe. Leo nalisema hilo neno nikiwa mbele yenu, lakini kuna msimu nilikuwa nakaa kule nyuma kando ya mlango, na mkianza kuimba natoka nje. Wengine mlidhani nimeringa. Sikuwa nimeringa, ndugu zangu. Nilikuwa nimevunjika.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Nilikuwa na rafiki tuliyesoma naye, tukapanga naye chumba mtaa wa Bondeni, Nakuru, tukapeana mpaka viatu. Tukaanza biashara pamoja. Mimi naandika, yeye anaenda kuziweka kwa kompyuta za wateja.

Tukapata kazi kwa kikundi cha akina mama huku Lanet, wanaokuza miche ya nyanya kwa greenhouse, ile nyumba ya plastiki. Walikuwa wamenunua kompyuta kuukuu kutoka shamba la maua la Mholanzi, na ndiyo ilikuwa inaendesha maji yao. Walitaka ichanganye mbolea pia. Maabara inatuma kipimo cha mbolea kwa maandishi, programu yangu inageuza yale maandishi kuwa namba, mashine inamwaga. Nikaandika, nikajaribu kwa laptop yangu, ikakubali. Siku ya kuiweka mtoto wangu alikuwa mgonjwa, kwa hivyo rafiki yangu akaenda peke yake. Akarudi akaniambia iko sawa kabisa.

Miezi ikapita vizuri. Halafu asubuhi moja mashine ikamwaga mbolea mara kumi ya kipimo. Miche yote ikaungua, mvua nayo ndiyo hiyo imefika, na watu wanangoja kupanda.

Tukaitwa mkutano. Nilidhani tutasimama wawili. Wapendwa, yule mtu alisimama mbele ya wale akina mama, hata hakuniangalia, akasema, "Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba waya tu. Programu ni yake."

Nilirudi nyumbani nikalala na nguo. Sikuwa nalilia miche, niwaambie ukweli. Nilililia zile siku tulizokula sahani moja. Jina langu likazunguka Nakuru yote, wateja wakaacha kushika simu zangu, nikahamia Kaptembwo, upande mwingine wa mji, ambako hakuna mtu ananijua. Sala ikanishinda.

Sasa kuna mama mmoja wa kile kikundi, ndiye alipoteza miche mingi kuliko wote. Alinitafuta mpaka akanipata. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. "Msichana wangu, sitaki pole. Nataka kujua ni nini iliniunguzia miche."

Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Wote walikuwa wanauliza ni nani.

Tukaenda na yeye. Nikakaa kwa ile kompyuta, nikaipa 1.5, yaani moja na nusu. Ikasoma kumi na tano. Nikashika kichwa. Sisi hapa moja na nusu tunaiweka nukta katikati, lakini Waholanzi wanaweka koma, na nukta kwao ni ya kutenganisha maelfu. Kompyuta ilikuwa bado imewekwa mpangilio wa kwao, na programu yangu ilikuwa inafuata mpangilio wa kompyuta. Hapo nilikosea, nilifaa kuiambia isome kwa njia moja tu popote ilipo.

Lakini mbona miezi yote hiyo ilikuwa inasoma vizuri? Kuna mzee anayechunga ile greenhouse, alikuwa amesimama hapo, ameinamisha kichwa. Akasema kila asubuhi huwa anageuza kompyuta iwe ya Kenya ndipo achanganye mbolea, halafu anairudisha ya Uholanzi ili programu ya maji ikubali. Alifundishwa hivyo siku ya kwanza. Ile asubuhi alikuwa Molo kwa mazishi, na mama aliyemshikia kazi hakujua.

Nikamuuliza ni nani alimfundisha. "Ni yule mwenzako. Alisema nisikusumbue."

Jamani. Aliliona kosa siku ile ile ya kuiweka. Akaweka kiraka, akaninyamazia, na kikipasuka akaninyooshea kidole. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa naisikia tu shuleni.

Nikarekebisha. Sasa programu inasoma nukta kama nukta, hata uiweke nchi gani, na ikiletewa kitu haielewi inakataa kumwaga, inaita mtu. Niliijaribu mbele ya akina mama wote, nikigeuza kompyuta nchi baada ya nchi. Wakapanda tena, na nyanya za msimu huu mmezila hapa hapa kanisani.

Mama, uko hapo kwa benchi la tatu, usijifiche. Asante kwa kuuliza ni nini. Na wewe mzee, asante kwa kusema ukweli ukijua utalaumiwa.

Nawaambia hivi: ukijua mahali kitu cha mwenzako kina ufa, mwambie. Usimzibie kimya kimya. Mnaniuliza kama nimemsamehe yule rafiki yangu. Naomba hiyo neema, bado haijafika yote. Kurekebisha ilinichukua asubuhi moja. Angenipigia simu tu siku ile. Na kama kuna mtu hapa anaonana naye, mwambieni namba yangu bado ni ile ile.