Kibodi Iliyopasuka Katikati

Mbele ya duka la kompyuta kuna benchi la mbao, na wanaolikalia wanajua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Mama Chapa alitoka dukani na kibodi aliyoazimwa aijaribu, airudishe kabla hawajafunga kwa chakula cha mchana. Mkono ulimtesa mpaka kushika kikombe ilikuwa kazi. Alishaanza kukataa kazi za watu, na kama kibodi hii nayo ingemshinda, angefunga kibanda chake cha kuchapa akauze vocha kwa shemeji yake. Akaiweka benchini ili aagize kahawa, na hapo ndipo alipokosea.

— Umeuziwa kitu kibovu, alisema Kocha, mpenda mpira wa benchi hilo, kipande kimoja mkononi. Imepasuka katikati.

— Haijapasuka, Kocha. Imegawanywa makusudi, mabega yatanuke, mikono isijikunje.

— Sasa huku mabeki, huku washambuliaji, katikati kweupe. Timu gani inacheza bila kiungo?

Transfoma, fundi umeme, alimpokonya.

— Mpira umekuharibu. Huu ni mpango wa kubana umeme. Upande mmoja unafanya kazi, mwingine umelala. Wanapeana zamu.

— Na herufi za upande uliolala? aliuliza Kocha.

— Unazisubiri. Haraka ya nini?

Mama Chapa alinyoosha mkono.

— Naombeni niishike kidogo.

— Subiri, mama, tuko kwenye utafiti, alisema Cherehani, fundi nguo, akaivutia mapajani. Alibonyeza kitufe kimoja huku amefumba macho. Tk. Akabonyeza tena. Tk.

— Mmesikia? Vitufe vifupi hivi, kidole hakisafiri. Kinazama kidogo, kinarudi. Kosa linapata wapi nafasi ya kuingia? Ni kama mshono mfupi, haufumuki.

— Kwa hiyo haikosei? aliuliza Kocha.

— Haiwezi! Hata mtu asiyejua kusoma ataandika sawasawa.

— Mimi nimeshaelewa, Transfoma alipaza sauti. Ni ya watu wawili! Mume anaandika huku, mke kule. Wakinuniana, kila mtu anabeba kipande chake anaondoka.

— Na mahakama inajuaje nani kaandika nini?

— Kwa sauti ya kitufe!

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika, nusura iingie kwenye vitufe. Mama Chapa alihisi machozi yanamlenga. Kibodi ilikuwa imepita mikononi mwa wote, hata muuza kahawa ameibonyeza, ila yeye bado. Na mwenye duka alishaanza kuingiza vibao vyake ndani.

Ndipo akafika mwanamke mgeni, mwalimu kwa mwonekano, bahasha nene kaikumbatia kifuani. Alikuwa anamtafuta mpiga chapa. Kocha akamwambia mpiga chapa ni huyu anayeumwa mkono, kisha akamweleza kesi yote, kuanzia mabeki hadi mahakama. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

— Sawa. Anaumwa mkono gani?

— Wa kulia, alisema Kocha.

— Wa kushoto, alisema Transfoma.

Wakatazamana. Cherehani akawa na shughuli kubwa ya kukoroga kahawa isiyo na sukari.

Mama Chapa hakuwasaidia. Aliichukua kibodi mapajani mwa fundi nguo, akaweka kipande hiki huku na kile kule, akaikalisha mikono yake. Akaandika. Vitufe vilishuka kidogo tu, tk, tk, tk, vikainuka vyenyewe. Aliungoja ule moto wa kwenye kifundo cha mkono, unaokuja kabla sentensi haijaisha. Akamaliza sentensi. Akaandika nyingine, na nyingine, mdomo wazi kama mtu aliyeona ndugu aliyempoteza. Haikuunganishwa na kitu chochote, hakuna aliyejua anaandika nini. Benchi zima lilikuwa kimya.

— Mwalimu, alisema hatimaye. Lete hiyo bahasha. Kazi yako naichukua.

Akainuka kwenda kumwahi mwenye duka.

Kocha alimngoja avuke kizingiti, kisha akamwinamia Transfoma.

— Ni wa kushoto, eeh?

— Usiniulize mimi. Alikuwa anatumia yote miwili.