Mama Jacinta Ajwang na Daftari Lake la Presha, 1958–2025

Marehemu Mama Jacinta Ajwang alizaliwa tarehe 14 Mei 1958 karibu na Ahero, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Oketch, mkulima wa mpunga. Alianza darasa la kwanza mwaka 1966, na mwaka 1976 akamaliza kidato cha nne, jambo ambalo wasichana wawili tu wa kijiji chao walikuwa wamelifikia, naye hakulisahau wala hakuruhusu wengine walisahau.

Tarehe 9 Desemba 1978 aliolewa na Zacchaeus Obonyo wa hapa Nyang'ande, wakajaliwa Frankline mwaka 1980, Lornah mwaka 1984 na Ivy mwaka 1998. Kuanzia 1979 hadi 2018 alishona sare za shule katika soko la Kibuye, akiishi mjini Kondele na kuja hapa nyumbani kila mwisho wa mwezi, na mteja aliyekuja kabla ya siku aliyopewa alirudi mikono mitupu.

Mwaka 1989 Mzee Obonyo alimwoa Mama Mercyline, ambaye yuko nasi hapa. Mzee alipofariki tarehe 3 Agosti 2006, wageni wa heshima waliokuja kumzika waliandaliwa chakula katika nyumba ya Mama Mercyline badala ya nyumba ya mke mkubwa, ambayo kwa desturi yetu ndiyo huwapokea, na tangu siku hiyo Mama Jacinta hakumsemesha mwenzake. Familia haifichi jambo hilo kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

Tarehe 17 Juni 2008 alipatikana na presha, daktari akamwambia kwamba figo zimeanza kuumia, na asipojitunza huenda asimwone Ivy, aliyekuwa darasa la nne, akimaliza shule. Alinunua mashine ya kupima presha na daftari, akaandika kila asubuhi na jioni kipimo, alichokula na mahali alipokuwa. Alimeza dawa bila kukosa, akapunguza chumvi, akaacha kuinamia cherehani kutwa nzima, akawa anakwenda Kibuye kwa miguu, na vipimo vya mjini vikashuka. Vya hapa nyumbani havikushuka. Alimlaumu samaki mbuta wa kukaanga, akaacha kumla, akalaumu maji ya kisima, kisha akaipeleka mashine kwa fundi, ikaonekana nzima. Mwanzoni mwa 2013 alisoma daftari lote upya, akaona kwamba kila kipimo kibaya alikiandika baada ya kupita mbele ya mlango wa Mercyline bila kusalimu.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2013, aliingia katika nyumba hiyo na mashine yake, akaketi, akajifunga mkanda mkononi, na Mama Mercyline akamwuliza, "Mikayi," ndivyo mke mkubwa anavyoitwa kwa heshima, "hiyo kitu imekuja kunipima mimi ama wewe?" Akajibiwa, "Imekuja kupima sisi wote," naye akasema, "Basi ingoje chai." Kipimo kilikuwa 182 kwa 106, kibaya kuliko vyote, na Mama Jacinta akakiandika kama kilivyo. Alirudi kila mwisho wa mwezi, na kufikia Desemba kilikuwa 134 kwa 84, kando yake ameandika, "Nimesalimu." Kina mama wa kanisani aliwaambia kwamba chumvi aliiacha kwa siku moja, lakini hasira ilimchukua miaka saba.

Ivy alimaliza kidato cha nne mwaka 2016, mama yake akiwa ameketi mstari wa mbele katika sherehe ya shule, na leo ni fundi wa friji za samaki.

Mwaka 2023 figo zilichoka, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Mama Mercyline akahamia Kondele ili amsindikize hospitalini, akijaza daftari pale mkono wa mwenzake uliposhindwa. Mama Jacinta alifariki asubuhi ya tarehe 22 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kondele na Nyang'ande, mafundi wenzake wa Kibuye na kina mama wa kanisa. Baada ya mazishi, wageni wote mnakaribishwa chakula katika nyumba ya Mikayi, ambamo Mama Mercyline amekuwa akipika tangu alfajiri, wala hakutaka kusikia habari ya nyumba nyingine.

Mikayi, wageni wako wamefika kwako. Pumzika sasa, kwa amani uliyoitafuta mwenyewe ukaipata.